Njia Niliyoifunga Nikiwa Ndani ya Gari

Siku ya kuniaga mliniomba niseme machache, nikawaambia koo linaniwasha. Koo langu lilikuwa zima kabisa. Nilikuwa nimemsikia mshereheshaji akiniita "mzee aliyeichora Kitengela", nikaona heri ninyamaze kuliko nisimame mbele ya keki niwaeleze sehemu niliyoiharibu. Sasa nina wiki ya saba nyumbani hapa Kajiado, sina gari la ofisi la kukimbilia asubuhi, na nimepata muda wa kuandika nilichopaswa kusema siku ile. Nawaandikia nyinyi mnaochora mitaa sasa. Vyeo nilivyopata viko kwenye faili, atakaye akavisome huko.

Niliingia ofisini kutoka magharibi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipa kazi. Wakati huo ramani zilichorwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga, na ukikosea mstari unaukwangua kwa wembe, taratibu, mpaka wino utoke. Ukikwangua kwa hasira, karatasi inatoboka na mkubwa wako anaona tundu. Siku yangu ya kwanza nilitoboa mara tatu. Siku ya pili nikapelekwa nje kushika upande mmoja wa mnyororo wa kupimia, nadhani ili karatasi zipumzike.

Upande wa pili wa mnyororo alikuwa Mzee Lemayian. Hakuwa na meza ofisini wala hakutaka. Ramani hakuzisoma, lakini ardhi aliisoma vizuri kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Alitaka tufike mahali kabla umande haujakauka, kwa sababu umande unaonyesha nani amepita. Asubuhi moja pale Kitengela, wakati shamba kubwa la mifugo lilipokuwa likigawanywa viwanja, alinikuta nimenyoosha kamba kutoka bikoni hadi bikoni, zile alama za mpaka, nimeridhika sana na nafsi yangu.

"Kijana, hii mstari yako inaenda wapi?"

"Inagawanya ploti, Mzee."

"Na huyu mama atapita wapi?"

Nikatazama huku na huku. "Mama gani? Hakuna mtu hapa."

Akanionyesha chini kwa fimbo. Kulikuwa na alama za viatu vya plastiki. "Huyu. Amepita leo akiwa na mzigo. Mguu wa kushoto inamuuma, ona vile anaiburuta. Wewe umemjengea nyumba ya mtu katikati ya barabara yake, na bado unacheka."

Nilikuwa nacheka kweli. Tukafuata zile nyayo mpaka mwisho, na mchana nikarudi kuchora upya. Kati ya safu mbili za viwanja nikaacha njia ya miguu ya mita tatu. Mzee Lemayian akanieleza jambo ambalo nimelisikia tena kwenye semina nyingi, likisemwa kwa maneno marefu zaidi. Alisema mzee hatembei kwa sababu daktari amemwambia atembee. Anatembea kwa sababu kuna mahali anakwenda: kanisani, sokoni, kwa jirani aliye na chai. Ukiweka hayo mahali karibu na ukamwachia njia, atatembea mpaka uzeeni bila kuambiwa. Ukiondoa njia, atakaa, na akishakaa ni vigumu kumwinua.

Shamba likawa mtaa. Kwenye mwisho mmoja wa ile njia zilijengwa nyumba za kupanga na za watu waliostaafu kutoka Nairobi. Kwenye mwisho wa pili kukawa na zahanati, kanisa na soko dogo la mboga. Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni mita mia nne, na kila mita hamsini kulikuwa na mgunga au ukuta mfupi wa kukalia. Hakuna aliyeupanga ule ukuta mfupi. Ulikuwa msingi wa nyumba iliyomshinda mwenyewe, na wazee wakaufanya benchi. Nilipopata wageni kutoka makao makuu niliwapeleka pale nikajisifu. Niliwaambia benchi ni sehemu ya mpango.

Miaka ikaenda. Mzee Lemayian akarudi kwa mbuzi wake, na baadaye tukamzika. Mimi nikapewa kompyuta, picha za kutoka angani, na kiti kinachozunguka. Niwaambie ukweli: kile kiti kiliniharibu. Nikaanza kuamini kwamba ninachokiona kutoka juu ndicho kilichopo chini.

Basi likaja ombi. Mwenye viwanja vya pande zote mbili za njia alikuwa amevinunua kimoja kimoja, na sasa alitaka kuviunganisha, kuvizungushia ukuta na kujenga nyumba za kifahari ndani. Njia ilipita katikati yake. Utaratibu wetu mnaujua: afisa anakwenda mahali, anaangalia kama njia inatumika, anaandika ripoti. Ripoti ikisema haitumiki, njia inaweza kufungwa. Afisa alikuwa mimi.

Nilikwenda siku ya Ijumaa, wiki ya mvua kubwa. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ngozi kwa sababu jioni nilikuwa na kikao cha kamati ya harusi ya binti yangu. Waliokanyaga udongo mweusi wa Kitengela wakati wa mvua wanajua: hatua tano tu na kila mguu umebeba tope la uzito wa tofali, na kiatu kinaweza kubaki nyuma wewe ukiendelea. Dereva akasimamisha gari penye lami.

"Mzee, nikutafutie gamubuti?" akaniuliza. "Ziko hapa nyuma."

"Wacha. Naona kutoka hapa."

Nikateremsha kioo nusu. Nikaona maji yametuama kwenye njia, nyasi zimelala, hakuna mtu, hakuna alama. Nikaandika juu ya paja langu: "Njia haitumiki. Hakuna nyayo." Nikaweka sahihi na tarehe. Kazi ilichukua dakika nne.

Mkitafuta hongo katika habari hii hamtaipata. Sikupewa kitu na hakuna aliyenishawishi. Mara nyingi nimetamani angalau ningekuwa nimehongwa, maana mtu aliyehongwa ana la kumsingizia shetani. Mimi nilikuwa na viatu vipya tu. Na nilijua, kama kila mkazi wa Kitengela anavyojua, kwamba siku kama ile hakuna mzee anayetoka kwake kukanyaga udongo mweusi. Wanangoja ukauke. Nyayo sikuzikuta kwa sababu nilikwenda siku ambayo nyayo hazipo, na sikungoja.

Tangazo likapigiliwa kwenye nguzo kama sheria inavyotaka, kwa maandishi madogo ambayo mtu wa miaka sabini hawezi kuyasoma bila kupanda kiti. Siku za kupinga zikapita. Kiangazi kilipoingia ukuta ukajengwa, wa mawe, na juu yake vipande vya chupa.

Mwezi mmoja baadaye mama mmoja akaja ofisini Kajiado. Alikuwa mrefu, kitambaa cheupe kichwani, fimbo mkononi. Akajitambulisha kuwa ni Mwalimu Ndunge, amefundisha shule ya msingi huko Ukambani maisha yake yote, na amestaafia Kitengela karibu na mwanawe Mutua. Alikataa chai. Akataka kujua nani alisema njia yao haitumiki.

"Afisa alifika akaangalia, Mama," nikamwambia.

"Afisa gani?"

"Wa ofisi hii."

"Alikuja lini?"

Nikamtajia tarehe. Faili ilikuwa imefungwa mbele yangu.

Akatoa daftari la shule kwenye mkoba, akalifungua juu ya meza yangu na kuligeuza nilione. Lilikuwa na majina kumi na mawili yaliyopangwa kama rejista ya darasa, na vijisanduku vya kila siku, vyenye alama za vema. Akanieleza kwamba kila asubuhi wao wazee kumi na wawili walikuwa wakikutana kwenye ile njia, wanatembea mpaka upande wa zahanati, wanapimwa presha wale wa kupimwa, wananunua sukuma wiki, wanakaa kidogo kwenye ukuta mfupi, wanarudi. Asiyekuja bila sababu alifuatwa nyumbani na kuulizwa.

"Hata wanaume?" nikauliza, ili nipate la kusema.

"Wanaume ndio wasumbufu. Mmoja alikuwa anajificha chooni."

Akafunua ukurasa mwingine. Wiki niliyoitaja ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na juu yake neno moja kwa herufi kubwa: MVUA.

"Angalia, mwanangu. Hiyo wiki hata kuku hawakutoka. Lakini ona Jumatatu inayofuata. Kumi na mbili. Jumanne kumi na moja, huyu alikuwa na matanga. Huyo afisa angengoja siku tatu tu angetupata."

Sikuinua macho. Yeye akaendelea kwa sauti ya kunihurumia, kama mtu anayedhani nimebanwa na makosa ya mtu mwingine.

"Mwambie hatumlaumu. Mvua ilimdanganya. Arudi tu aangalie tena, aandike vile ameona. Sisi tutakuwa pale."

"Nitamwambia," nikasema.

Mama yule alinifungulia mlango mpana, nami nikaupita nikiwa nimetazama pembeni. Ningeweza siku ile ile kuandika barua ya mistari mitatu: ripoti yangu ina kosa, naomba ukaguzi urudiwe. Ukuta ulikuwa bado mbichi. Lakini ningeulizwa kwa nini sikushuka garini, na dereva angeulizwa, na nilikuwa na jina ofisini la mtu anayetembea kila mahali. Jina hilo lilikuwa la Mzee Lemayian, mimi nililirithi tu. Nikamwandikia Mwalimu barua kwamba malalamiko yake yamepokelewa na yanashughulikiwa. Nikaiweka nakala kwenye faili, pamoja na barua ya malalamiko aliyoniachia, na faili kwenye kabati la chini.

Bila ile njia, kufika zahanati ni kuzunguka kwa barabara kuu ya Namanga, karibu kilomita moja na nusu. Malori ya saruji yanapita karibu kiasi cha kukuvua kofia. Hakuna kando ya kutembelea, kuna mtaro ulio wazi, hakuna kivuli, hakuna pa kukaa. Mtu wa miaka thelathini anapita akilalamika. Wazee kumi na wawili wakawa saba, saba wakawa watatu. Haya niliyajua, kwa sababu nilikuwa napita pale kwa gari karibu kila wiki. Siku moja nilimwona Mwalimu peke yake ukingoni, ameshika fimbo kwa mikono miwili, akingoja pengo kati ya malori. Gari letu likapunguza mwendo penye tuta. Alikuwa karibu na dirisha langu kama kalamu hii ilivyo karibu nami. Nikatoa simu nikajifanya nasoma.

Baadaye nikasikia hatoki tena, kwamba anakaa mchana kutwa kwenye kiti cha sebuleni. Kisha, mwaka wa nne wa ukuta, akapata kiharusi. Sisemi ukuta ulimpa kiharusi. Daktari ndiye wa kusema, nami sikuthubutu kumuuliza.

Mwaka wangu wa mwisho alikuja ofisini Naserian, ambaye mnamjua nyote, mpangaji miji kijana, mwenye shahada, na mwenye tabia mbaya ya kufungua makabati ya chini. Alikuwa akitafuta malalamiko ya zamani kuhusu njia za miguu. Akaja mezani kwangu na ile faili.

"Mzee Barasa, hii sahihi si yako?"

"Inafanana na yangu."

"Inafanana sana. Na hapa kuna barua ya mama mmoja anasema mlikuja wiki ya mvua. Ni ukweli?"

"Sikumbuki, binti yangu. Ni zamani."

Akaniangalia, akasema "sawa, Mzee", akaondoka. Hakunisumbua tena. Nilikaa na lile "sawa, Mzee" siku mbili. Siku ya tatu nikamfuata kwenye meza yake na kumweleza yote, mpaka viatu. Alisikiliza bila kuandika. Kisha akasema, "Basi utasema hivyo kwa kikao?" Nikasema nitasema.

Kikao cha kusikiliza upya malalamiko ya wakazi kilifanyika kanisani, upande wa zahanati. Mwenye ukuta alikuwepo na wakili wake. Mutua alikuja na lile daftari badala ya mama yake. Nilisimama nikasema kwamba mimi ndiye niliyeandika ripoti, kwamba niliandika kutoka ndani ya gari wakati wa mvua, na kwamba njia ilikuwa inatumika.

"Mzee," wakili akasema, "unataka kutuambia ulidanganya?"

"Ndiyo."

"Na sasa tukuamini kwa nini?"

Mtu nyuma akacheka. Nikasema wasiniamini mimi, wasome daftari. Likasomwa kwa sauti, jina kwa jina, na watu wakaanza kusema huyu ni baba yetu, huyu alikufa mwaka juzi. Mwishowe iliamuliwa njia ifunguliwe, kwa lango dogo kila upande.

Tulipotoka nje nilimfuata Mutua nikamwomba aniombee msamaha kwa mama yake.

"Mama anajua ni wewe. Alijua siku ile ile."

"Nani alimwambia?"

"Alisema ulitaja tarehe bila kufungua faili. Ati mtoto aliyevunja dirisha ndiye hukumbuka saa. Alirudi nyumbani akatuambia: nimempatia nafasi, wacha tuone."

Yaani alikuwa akiniita mwanangu, anazungumza juu ya "huyo afisa", na alikuwa akizungumza nami. Alingoja miaka sita.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kuchora lile lango. Niliomba mwenyewe. Wakazi waliogopa bodaboda zisigeuze njia kuwa barabara, kwa hiyo nikapanga nguzo za chuma. Safari hii nilitoka. Nilipima upana wa usukani wa pikipiki tano, nikaweka nguzo sentimita sitini kutoka moja hadi nyingine, pikipiki isipite. Nikaongeza mabenchi matatu yenye mahali pa kuegemeza mikono, maana mzee akikaa kwenye benchi lisilo na mkono hawezi kuinuka bila kuomba msaada, na akishaomba mara mbili harudi. Nilijiona nimelipa.

Lango lilifunguliwa Jumanne moja asubuhi, wiki mbili baada ya nyinyi kunikatia keki. Naserian alinialika. Wazee walikuja wanne kati ya wale kumi na wawili, pamoja na wengine wapya. Mutua akaja akimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu. Siku hiyo mama alikuwa na zamu ya kupimwa presha kwenye kliniki ya asubuhi pale zahanati.

Kiti kikafika kwenye nguzo kikagota. Mutua akarudi nyuma, akajaribu kwa pembe, kikagota tena. Kilihitaji sentimita sabini. Nilikuwa nimepima pikipiki tano, na mtu aliyeniletea daftari sikumpima.

Kijana mmoja akasema, "Si tumbebe tu, tumpitishe juu." Wawili wakainama kushika magurudumu.

"Mtu asinishike," Mwalimu akasema. Maneno yake sasa yanatoka polepole, mdomo umevutwa upande mmoja, lakini ni sauti ile ile ya darasani. "Mimi si gunia. Mutua, zungusha. Tupitie barabarani."

Nguzo ya katikati iling'olewa Alhamisi ya wiki hiyo, na Naserian ndiye aliyesimamia. Mkichora nyingine, chukueni kiti cha magurudumu muende nacho, na mtu ndani yake. Lakini asubuhi ile nguzo zilikuwa palepale, zimepakwa rangi mpya, na Mwalimu alikuwa ameshageuzwa kuelekea barabara kuu.

Nikawakimbilia nikamwomba Mutua aniachie nisukume mimi. Akamtazama mama yake. Mama yake hakusema ndiyo wala hapana, kwa hiyo akaniachia.

Katika miaka yote sikuwahi kuipita ile kilomita na nusu kwa miguu. Kiti kilitaka kwenda mtaroni, mimi nikikivuta kuelekea lami, na lori likipita nikikirudisha mtaroni. Vumbi likaingia machoni. Penye kalvati iliyovunjika, kidaraja cha juu ya mtaro, tulilazimika kungoja hadi magari yapungue ndipo tushuke kwenye lami. Katikati ya safari nikatafuta pa kukaa. Hapakuwa na pa kukaa. Nikasimama, nimeshikilia mishikio ya kiti ili nisianguke.

"Umechoka?" Mwalimu akauliza bila kugeuka.

"Nimechoka, Mwalimu."

"Uko na miaka mingapi?"

"Sitini."

Lori likapita, akangoja kelele ziishe.

"Mimi ulinianzishia hii nikiwa na sabini na mbili," akasema. "Sukuma, kliniki inafunga."